Kandege mu Kitabu ya Mitumbwi

Batu ya Kashikishi bangali banasema kama mu ile miaka ya vita nilikuwa na ndege ya kupeleleza. Ni uongo. Nilikuwa na kandege ka moteri, mabawa yake toka huku mupaka kule urefu ya mutu mukubwa mwenye kulala, na kazi yake ilikuwa moja tu: kufukuza nyuni ku samaki. Naandika hii kwa mukono yangu mwenyewe. Nilisoma miaka mbili tu kwa bamisioneri, kiisha nikajenga nyumba tatu ya matofali ya kuchoma bila kupiga magoti mbele ya mutu. Mwenye kutaka kucheka herufi yangu, acheke.

Kandege nilikapata kwa muzungu moja wa umeme, mwenye alikuwa anatengeneza mashini ku Katanga. Wakati vita ya pili ilianza kusogea, mu mwaka 1998, batu walikuwa banakimbilia Kilwa, ku upande ya Congo, kutafuta mutumbwi ya kuvuka. Miye nilikuwa na mutumbwi ya mbao yenye moteri. Nilimuvusha yeye, mufuko yake moja, na masanduku mbili murefu yenye alikuwa anakumbatia sawa maiti ya ndugu yake. Ku Kashikishi, upande hii ya ziwa kwenye nyumba yangu iko, alipata gari ya kwenda Mansa, lakini dereva alikataa masanduku.

«Papa, chukua,» akaniambia. «Nikiacha mu barabara, batapasua batengeneze nyumba ya kuku.»

Gari ilichelewa siku ine. Kila asubui, mbele ya upepo kuamuka, alikuwa ananifundisha kukarusha pa muchanga ya pembeni ya mayi, pale muchanga inakuwa nguvu sawa simenti. Kandege kanakimbia na magurudumu yake, kanainuka. Weye unabakia chini, mu mikono unabeba kasanduku ka komande kenye kukaongoza toka mbali, na vijiti mbili: moja ya moteri, ingine ya kugeuza. Moteri yake ilitoka ku mashini ya kukata miti, inakunywa esansi, ile petroli yenye kuchanganya na mafuta, sawasawa na moteri ya mutumbwi yangu. Pale nikaelewa haraka. Kusoma kitabu ni kitu moja, kusikia moteri ni kitu ingine.

Bon. Muzungu akaenda, vita ikabakia. Haikukawia, kuvuka ikakuwa kazi ya kucheza na maisha. Niliuzisha moteri ya mutumbwi, nikakaa ku inchi kavu. Mutu mwenye kuamuka saa kumi kila siku miaka makumi mbili, mukamuambie sasa akae ku kiti? Nilikuwa nazunguka nyumba sawa mbwa yenye kufungwa. Nilipasua kuni za mwaka muzima. Nilifungua radio mara mbili na kuifunga. Chakula ilikuwa inatoka kwa kazi ya muke yangu, na hiyo miye sikuzoea.

Kazi yake ilikuwa kisense. Ni kasamaki kadogo, sawa kidole ya mutoto. Mitumbwi inarudi asubui, banamuke banashindana kununua, banamwanga samaki ku muchanga, yua inakausha. Yua kali, siku moja. Mawingu, siku mbili, tatu. Na hizo siku zote adui ni nyuni: mwewe, kunguru, na nyuni nyeupe ya miguu murefu yenye inatembea mu samaki yako sawa mutu wa kodi. Mwanamuke anakaa na fimbo, anapunga kitenge, anapiga kelele mupaka sauti inakatika. Akienda kunywa mayi tu, akirudi anakuta muchanga mutupu.

Siku moja muke yangu alikuwa anakimbia hivi, miye niko nyuma yake na mikono bure. Nikaenda kutosha sanduku.

Kandege kalipita yulu ya kisense mara mbili, chini-chini, na ile kelele ya kukata miti. Nyuni zote ziliruka, zikaenda mupaka mu matete. Zilikawia kurudi. Banamuke balicheka mupaka bakashika viuno.

«Bamayo, muone, batata banacheza!» moja akaita. Batata, kwa Kibemba, ni baba, kwa heshima.

«Mutoto yangu ya kwanza,» muke yangu akabajibu, «iko na ndevu nyeupe.»

Bacheke. Mu juma moja walikuwa banakuya asubui, moja moja, sauti ya polepole: «Batata, mukipita pale, mupite na ku yangu.» Nilikuwa napita ku yabo yote. Mikono yangu ikapata kazi, na usiku nikaanza kulala.

Kiisha alikuya sergenti wa polisi. Alikuwa mutu munene, mupole, mwenye kusema Kibemba na Kiswahili ya soko. Alisimama nyuma yangu mupaka nikateremusha kandege.

«Batata, hii kitu iko na laisensi?»

«Kunguru iko na laisensi?» nikamuuliza.

Alicheka na kinywa, macho haikucheka. Akaonyesha ngambo ya ziwa, kule kwetu, kwenye hata ukiangalia unaona mayi tu.

«Kule banapigana. Hapa ni mupaka. Batu wa mu visiwa banakuya kuniambia kuna kitu inalia yulu ya mayi, banauliza kama vita inavuka. Nibajibu nini? Ni muzee moja na kunguru zake?» Akapangusa jasho. «Nakupa siku saba. Leta karatasi yenye jina yako na nimero ya hii kitu. Hapana karatasi, nakabeba.»

Hakusema mubaya. Lakini kule kusikia «nakabeba» ilinichoma. Vita ilininyanganya ziwa. Sasa na haka?

Nilitembea ku Nchelenge, kwenye maofisi ya serikali, biro kwa biro. Moja banaandika kinga, njo baiskeli, ingine banaandika imbwa. Ku ya tatu, mama moja mwenye miwani akanieleza kwa heshima: vitu vyenye kuruka, sheria yake iko Lusaka. Unaandika barua, unaeleza ukubwa, unaeleza moteri, unaeleza kazi, unangojea.

«Kungojea mupaka wapi?»

«Miezi sita, batata. Labda mwaka.»

Miye, kungojea mwaka! Sijangojea hata mukate ipoe. Na mu kichwa yangu kitu ilikuwa wazi: sergenti hakusema karatasi ya Lusaka. Alisema karatasi, jina, nimero. Nikaingia ku biro ya mitumbwi.

Pale kulikuwa karani moja, mwembamba, kijana bado lakini mwenye roho ya muzee, mwenye kupiga mistari na rula hata pa kuandika tarehe. Mbele yake kitabu kubwa: kila mutumbwi ya ziwa iko na nimero mule, na jina ya mwenyewe. Yangu ya zamani ilikuwa mule. Nikaweka kandege ku meza yake.

«Andika haka.»

«Batata, haka si mutumbwi.»

«Iko na moteri?»

«Ee, mukwai.»

«Inakunywa esansi ya kuchanganya?»

«Munasema vile.»

«Inafanya kazi ya samaki ao haifanye? Uliza banamuke ya Kashikishi.»

«Nasikia inafanya.»

«Iko na mwenyewe?»

«Ni mweye, batata.»

«Alor, andika.»

Akaweka kalamu chini. «Nikiandika, mujue: mwenye kuingia mu hii kitabu anafuata sheria yote ya hii kitabu.»

«Nilifuata miaka makumi mbili. Nitafuata tena.»

Sikumuuliza sheria gani. Hapo njo kosa, na kosa ni yangu, si yake. Nilikuwa na haraka ya kutoka na karatasi. Fomu ilikuwa inauliza vitu vya mutumbwi, naye akajaza na nyuso ya mutu mwenye kuzika. Mbao ao chuma? Mbao. Urefu? Akapima na rula yake. Makasia ngapi? «Sufuri,» nikasema. Watu ngapi banaingia? Sufuri. Akauliza kama nitaweka kidole. Nikamuangalia. Nikaandika jina yangu muzima, yote tatu, herufi kubwa-kubwa, ikapita mustari.

Sheria ya kwanza nilikutana nayo mbio: nimero inapashwa kuandikwa ku pande zote mbili na rangi nyeusi, herufi urefu ya kitanga ya mukono, ionekane toka mbali. Sikuwa na rangi. Nilikuwa na lami ya kuziba mutumbwi. Nikapaka bawa ya kushoto nimero muzima, nikaona yua inaenda, nikasema nitarusha kwanza, ya kuume nitapaka kesho. Kandege kakainuka, kakalala ku kushoto sawa mbuzi yenye mayi mu sikio, kakazunguka, kakazunguka, kakaingia mu sufuria ya mama moja mwenye kuuzisha mandazi. Ile siku nililipa na kula mandazi mingi sana, yote ya mavumbi. Nikapaka na bawa ya kuume, lami kwa lami, ikakuwa sawasawa.

Sergenti alisoma karatasi polepole, akageuza nyuma, akaangalia kashe, ile muhuri ya biro. Akarudia kuangalia mahali pa makasia. Nilizani atacheka. Akanirudishia na mikono mbili.

«Bon, batata. Kazi njema.»

Nilitengenezea ile karatasi plastiki, nikaitundika ndani ya nyumba, ku ukuta, pembeni ya picha ya ndoa yetu. Nasema kweli, nilikuwa napita kuiangalia. Mutu wa ngambo, ku inchi ya benyewe, na serikali inaandika kama yeye njo mwenyewe wa hii kitu.

Mwezi ya kumi na moja ikafika ku mwisho. Wenye hawaishi ku ziwa, bajue: siku ya kwanza ya mwezi ya kumi na mbili kuvua kunafungwa, samaki izae, mupaka mwezi ya tatu. Ile siku ya mwisho ziwa muzima linaingia wazimu. Mutumbwi yote iko mu mayi, hata yenye kuvuja. Muke yangu alinunua kisense na yote yenye alikuwa nayo, juu ile mulima ya samaki njo ilipashwa kutubeba miezi tatu ya kufungwa. Alimwanga toka mahali pa kufungia mitumbwi mupaka ku matete. Sijaona muchanga inangaa vile. Na mawingu ilikuwa inapita-pita, mvua ikisita. Siku tatu za kukausha, kama Mungu anasaidia.

Asubui ya siku ya kwanza nilikuwa tayari na bidon ya esansi na pile mupya, njo betri, mu komande. Nyuni zilikuya mbele ya yua, na sababu unaielewa: mu ziwa hakuna mutumbwi hata moja, hakuna mutu wa kutupa matumbo ya samaki. Zote, za mayi na za inchi, ziliangalia kwetu. Nikarusha. Nikazipanguza mara ya kwanza. Nikapita mara ya pili.

«Batata! Muteremushe!»

Ni karani wa mitumbwi, na kitabu ku kwapa. Alikuwa anatembea ku pembeni ya ziwa kuhesabu mitumbwi yenye kuvutwa inchi kavu. Nyuma yake, sergenti, anatafuna muhindi ya kuchoma. Nikateremusha, moteri ikizimika nikasikia kunguru zinarudi.

«Kuko nini?»

Akafungua kitabu, akanisomea Kiingereza, kiisha akanigeuzia polepole: chombo yote yenye nimero mu hii kitabu, toka leo inatoka mu kazi ya samaki, inafungwa ku inchi kavu, mupaka siku ya kwanza ya mwezi ya tatu.

Nilicheka. Miye peke yangu.

«Haka hakavue samaki!»

«Muliniambia kanafanya kazi ya samaki. Mukaweka sahihi.»

«Ni nyuni, kijana yangu, nafukuza nyuni! Angalia pale!» Nyuni moja nyeupe ilikuwa inatembea mu kisense yetu, inachagua.

«Naona, batata.»

«Basi futa. Tosha haka mu kitabu yako, sasa hivi.»

Akakaribia, akashusha sauti, hakutaka kuniharibia mbele ya batu. «Nikifuta, kanabakia kitu ya kuruka pa mupaka bila karatasi. Na sergenti iko pale.»

Sergenti aliacha kutafuna. Akaangalia kandege.

Basi njo vile. Kandege ni mutumbwi, kanafungwa, samaki inaliwa. Ao kandege si mutumbwi, samaki inaokoka, lakini kandege kanaenda polisi. Nilisimama pale, banamuke bananiangalia, muke yangu ananiangalia, na nikachagua sawa mutu wa kiburi. Nikachagua karatasi. Nikabeba kandege mupaka ku mitumbwi, nikakafunga na kamba ku mti moja na mitumbwi ya bengine, fundo mbili. Karani akapiga mustari yake na rula.

Kiisha nikavua viatu, nikaingia mu kisense na fimbo.

Miguu yangu ilikuwa ya muzee tayari. Nafukuza huku, zinashuka kule. Muke yangu upande wa matete, kitenge mu mukono, anaruka, anaita. Batu walisimama kuangalia.

«Batata banakuwa kandege benyewe!»

«Mupake lami, batata! Nimero yenu iko wapi?»

Saa sita mvua ikatisha, tukakusanya yote haraka-haraka mu mashuka, haikunyesha, tukamwanga tena. Kila kugusa samaki inavunjika. Mangaribi, upande ya matete ilikuwa wazi kabisa, muchanga na nyayo ya nyuni, sawa mutu alipiga mistari.

Muke yangu hakunigombeza. Alikaa chini, akatosha mafupa ya samaki mu vidole, akauliza: «Ile karatasi yako, tutapika na chumvi?»

«Ni dokima ya serikali.»

«Ee. Na nyuni zinaheshimu.»

Nikaanza kumueleza: mwezi ya tatu itafika, kandege kataruka tena, mutu hatupi haki yake juu ya siku tatu. Nilieleza muzuri sana. Nilipomaliza alikuwa amekwenda kuosha miguu.

Asubui ya pili nikaamuka mbele ya yua na kumbe yeye alinitangulia. Nilimukuta pa muchanga. Kinywa ilikuwa inafunguka kufukuza mwewe na sauti haikutoka. Ilikatika. Alikuwa anapunga kitenge tu, bila sauti, na mwewe ilikuwa inamuangalia, haiogope.

Nikatosha karatasi ku ukuta, nikabeba kinga, nikaenda Nchelenge, nikamungojea karani ku mulango ya biro.

«Futa.»

«Batata, mufikiri.»

«Nilifikiri jana, na tazama. Futa.»

Akafungua kitabu, akatafuta nimero, akaweka rula, akapiga mustari. Akaandika tarehe. Nikaweka jina tena, yote tatu. Karatasi yangu akaishika, akapasua pa kashe.

«Napashwa kumuambia sergenti,» akasema.

«Muambie.»

Akafunga kitabu polepole. Akapanga kalamu zake, moja, mbili, tatu. «Lakini leo niko na kazi mingi. Na kesho. Kesho mangaribi njo nitapita kwake.»

Hakuinua macho. Nikamushukuru kwa Kibemba, sawa vile unashukuru mutu mukubwa, na nikapanda kinga.

Nikafungua kandege ku mti, siku mbili nilirusha. Sijui kama nilikula. Naweka esansi, narusha, napita, nateremusha, naweka esansi. Banamuke balileta bidon zabo bila kuitwa. Sikuwa nafurahi, msidanganyike. Kila mara kichwa inageuka ku barabara: buti ile? Hapana, ni muvuvi. Ile nguo ya kijani? Hapana. Mangaribi ya siku ya pili pile zilikufa, kandege kakateremuka peke yake mu matete, bawa moja ikapasuka kidogo. Kisense ilikuwa kavu. Ukiikamata mu mukono inalia sawa majani.

Siku ya tatu sikungojea. Sikutaka mutu wa buti akuye kunitoshea kitu mu nyumba, batu banachungulia. Nikatengeneza ile bawa na gundi, nikafunga kandege ku kinga, na komande, na kabidon, nikatembea nakasukuma mupaka ku polisi.

«Batata, safari ya Lusaka?» moja akaniita ku soko.

«Ya gereza,» nikamujibu. «Kuya utusindikize.»

Sergenti alitoka inje mwenyewe. Aliangalia kandege, akaangalia bawa yenye gundi ingali mbichi.

«Nilitaka nikuye kesho.»

«Najua. Kamata.»

Akakabeba na mikono mbili, muzuri, nakubali. Akauliza kama nilikuwa na kitu ya kusema. Nikasema barua ya Lusaka nitaandika. Akasema nikileta karatasi ya kule, nitakuta kandege pa mahali pake. Barua niliandika, tena mbili, na mukono hii. Majibu haikufika, na kiisha yeye akahamishwa, na mwenye kufuata hakuwa anajua kandege gani. Sikukaona tena.

Ile siku nilirudi kwa miguu, nasukuma kinga mwepesi mupaka inanikasirisha. Muke yangu alikuwa anajaza kisense mu magunia ku mulango. Sauti haikuwa imerudi. Akanionyesha kiti na kidole. Nikakataa. Akanionyesha tena. Nikatafuta sindano ya magunia, nikakamata gunia ya kwanza, nikaanza kuishona ku kinywa, kiisha ya pili, nafunga kamba nguvu kuliko inavyohitaji, na yeye ananivutia ya tatu karibu na mukono.